Shajara ya mradi: sanduku la umeme la uwanjani

Hii ni shajara ya mradi mmoja wa jiji. Kinachotengenezwa ni sanduku la betri la kuendeshea redio za upepo za jeshi zinapokuwa mbali na gari na mbali na gridi. Jiji limetoa jengo na chumba cha vipimo. Kikosi cha mawasiliano kimetoa mahitaji, askari wa majaribio na uwanja. Chuo cha ufundi kimetoa maabara na walimu wawili wa umeme. Kazi yenyewe imegawanywa kwa karakana tano: ya kukata na kukunja bati, ya kupaka rangi, ya nyaya, ya kuunga betri, na ya kushona turubai na mikanda. Idara ya zimamoto iliingia baadaye kama mnunuzi wa pili. Tunaandika kwa ajili ya miji mingine inayotaka viwanda vyake vidogo vishike kazi ya ulinzi, na hasa kwa mafundi watakaopewa mchoro uliopita mikononi mwa watu wasiojuana.

Wiki ya 1 na ya 2: mahitaji

Hati ya kwanza ilisema sanduku liwe jepesi, imara na la kudumu. Kwa maneno hayo hakuna anayeweza kukata bati. Siku nne zilitumika kukaa na askari wa redio na kuwauliza mambo ya mkononi: nani analibeba na kwa umbali gani, linawekwa wapi gari likisimama, redio inarusha dakika ngapi kwa saa, plagi ipi huharibika kwanza.

Redio ya volti 24 tuliyopewa inakula ampea 8 ikirusha, 0.8 ikipokea na 0.5 ikisubiri. Kwa hesabu iliyozoeleka ya sehemu moja kurusha, moja kupokea na nane kusubiri, wastani ni ampea 1.28. Betri ya ampea-saa 50 ikitumiwa kwa asilimia 80 inaibeba redio hiyo saa 31. Kikosi kilitaka saa 30 bila jua wala jenereta, kwa hiyo ukubwa wa betri ukajulikana siku hiyohiyo.

Ukatoka ukurasa mmoja wa namba: volti 25.6, ampea-saa 50, uzito usiozidi kilo 18, mishikio miwili, kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, kuangushwa kutoka sentimita 122, kufanya kazi kati ya nyuzi -20 na 55 za selisiasi. Pande zote zilitia saini ukurasa huo kabla ya hati ya makubaliano, na tunashauri utaratibu uwe huo. Ukianza na hati ya makubaliano, kila upande unaondoka na sanduku lake kichwani.

Wiki ya 3: seli

Seli zilizochaguliwa ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, nane kwa mfululizo, kila moja volti 3.2. Seli za nikeli na kobalti zingepunguza kilo kadhaa, lakini zikipata joto kali huachia oksijeni yake zenyewe na moto wake ni mgumu kuuzima. Sanduku hili litalala ndani ya hema karibu na watu. Kilo zikabaki.

Jambo moja liliandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa namba: seli hizi zinaweza kutoa umeme chini ya nyuzi 0, lakini hazichajiwi chini ya hapo. Ukizichaji kwenye baridi, lithiamu hujipaka kama chuma juu ya upande hasi badala ya kuingia ndani yake. Seli inapungua nguvu kimyakimya, na mwishowe inaweza kupiga shoti kwa ndani. Kwa hiyo bodi ya ulinzi (saketi inayochunga seli na kukata umeme penye hatari) iliyonunuliwa ni ile inayofunga njia ya kuchaji peke yake na kuiacha ya kutoa. Bodi nyingi za bei ya chini hazina kihisi cha joto kabisa. Ulizia kabla ya kuagiza.

Wiki ya 4: siri

Kilichokwamisha mradi kwa wiki nzima ni soketi ya redio. Mpangilio wa pini zake ni wa siri, na kati ya karakana tano ni moja tu iliyokuwa na kibali cha kushika siri za jeshi. Mapendekezo ya kwanza yalikuwa kuziombea karakana zote vibali, jambo ambalo huchukua miezi.

Suluhisho lilikuwa kuhamisha mpaka. Sanduku sasa linatoa umeme kwenye soketi ya kawaida ya nguzo mbili, isiyo na siri yoyote. Kebo fupi ya kwenda kwenye redio inatengenezwa na karakana ya kikosi chenyewe, ndani ya uzio wake. Michoro ya sanduku ikawa wazi kwa wanafunzi, mafundi na zimamoto, na yenye siri ikabaki kurasa mbili badala ya arobaini. Jiji lolote linaloanza kazi ya namna hii litafute kwanza mahali ambapo siri inaweza kukatwa na kuwekwa pembeni. Ukiiacha ienee kwenye mchoro mzima, utakuwa umezifungia nje karakana bora ulizonazo kwa sababu tu hazina karatasi.

Wiki ya 5: tundu la milimita 20

Karakana ya bati ilitoboa matundu ya kupitishia kebo kwa M20 (milimita 20). Karakana ya nyaya ilileta vibana-kebo vya M25 (milimita 25). Wote walifuata mchoro. Mmoja alikuwa na toleo B, mwingine toleo C. Maboksi matatu yakatobolewa upya, na moja likatupwa kwa sababu tundu jipya lilikaribia sana mkunjo wa bati.

Tangu siku hiyo mchoro uko mahali pamoja tu, kwenye seva ya chuo, na kila ukurasa una herufi ya toleo ndani ya kisanduku chekundu. Karakana haianzi kazi mpaka isome herufi hiyo kwa simu na kujibiwa. Pia kuna kikao kila Alhamisi, saa moja tu, sanduku likiwa wazi mezani na kila fundi ameleta kipande chake. Asiye na kipande anasikiliza.

Wiki ya 6: chumba cha vipimo

Jiji lilikuwa limepanga kuweka chumba cha vipimo kwenye eneo jipya la viwanda nje ya mji. Tuliomba kiwe kwenye karakana ya zamani ya magari ya jiji, karibu na chuo na karibu na karakana tatu kati ya tano. Ukaribu huu si anasa. Linköping nchini Uswidi ina kampuni ya ndege za kivita ya Saab, chuo kikuu na hifadhi ya sayansi ya Mjärdevi iliyoanzishwa 1984, vyote ndani ya mji mmoja. Changwon nchini Korea Kusini ilianza kama eneo la viwanda vya mashine mwaka 1974, na ilipoanza kujengwa kuwa kituo cha ubunifu wa viwanda vya ulinzi mwaka 2020, wakereza vyuma na wachomeleaji tayari walikuwa majirani. Kwetu, kipande kilichoshindwa kinarudi kwa fundi saa hiyohiyo, kikiwa bado na maji ndani, na fundi anaona kwa macho yake kilichotokea.

Wiki ya 7 na ya 8: kuunga masanduku matatu ya kwanza

Seli 30 zilipokelewa kwa ajili ya masanduku matatu, ziada sita. Kila seli hupimwa volti na ukinzani wa ndani kwa mita ya kilohezi 1. Seli ambayo ukinzani wake unazidi wastani wa kundi kwa asilimia 15 inawekwa kando, hata kama mwuzaji ameandika kwamba inafaa. Seli moja dhaifu kati ya nane ndiyo inayoamua saa za sanduku zima.

Kusawazisha: seli nane huungwa kwanza kwa mfululizo na kuchajiwa chini ya bodi ya ulinzi, kisha zinafunguliwa, zinaungwa sambamba na kumaliziwa kwa volti 3.65 mpaka mkondo ushuke karibu na sifuri. Anayeanza na sambamba moja kwa moja anakuwa na benki ya ampea-saa 400, na kwa chaja ya ampea 20 atasubiri karibu siku nzima. Kishawishi kinachofuata ni kupandisha volti ili mambo yaende haraka. Mtu akifanya hivyo kisha akaenda kula, atakuta seli zimevimba.

Seli hubanwa kati ya bamba mbili za alumini zenye karatasi ya kihami katikati, zikazwe tu kiasi cha kutocheza. Vichwa vya seli ni nyuzi za M6 kwenye alumini laini; kwa seli hizi mtengenezaji anataka nyutoni-mita 4. Spana ya kawaida imeng'oa nyuzi za seli mbili. Spana ya kupimia nguvu ikanunuliwa kesho yake.

Waya nyembamba za bodi ya ulinzi huungwa kwa mpangilio: hasi kuu kwanza, kisha kutoka seli ya chini kwenda ya juu. Kabla ya kuchomeka plagi kwenye bodi, pima kila pini kutoka hasi: 3.3, 6.6, 9.9, na kuendelea mpaka 26.4. Namba ikiruka au kujirudia, waya mbili zimebadilishana mahali, na bodi itaungua mara plagi ikiingia. Fyuzi ya ampea 60 hukaa juu ya kichwa chanya cha seli ya mwisho, ndani ya sentimita 10, kwa sababu kipande cha waya kilichoko kabla ya fyuzi hakilindwi na kitu chochote.

Wiki ya 9: mvumo kwenye redio

Sanduku la kwanza lilipita kila kipimo cha umeme cha chuo. Likapelekwa kikosini, likaungwa na redio na paneli ya jua, na redio ikaanza kuvuma. Kwenye masafa ya chini, megahezi 30 hadi 45, kizuia-mvumo cha redio (kinachoinyamazisha pasipo na ishara) kilifunguka chenyewe, na kituo cha mbali kilichosikika vizuri dakika tano kabla kikapotea.

Redio hizi hufanya kazi kati ya megahezi 30 na 88. Kigeuza volti kinachochaji kutoka kwenye paneli hukata umeme mara 150,000 kwa sekunde, na kila mkato mkali huzaa mawimbi kwa mafungu ya namba hiyo mpaka makumi ya megahezi. Hilo lilijulikana. Ambalo halikujulikana ni kwa njia gani yanatoka nje ya sanduku la alumini lililofungwa.

Utafutaji ulikwenda hivi. Redio kwenye betri ya asidi: kimya. Redio kwenye sanduku, chaja imezimwa: kimya. Chaja imewashwa na paneli: mvumo. Paneli ikaondolewa, chaja ikalishwa na umeme wa mezani kwa waya mfupi: mvumo ukapungua sana, lakini haukuisha. Kwa hiyo kebo ya paneli, yenye urefu wa mita 5, ilikuwa antena. Pete ya feraiti ya kubana, inayomeza mawimbi, ikawekwa kwenye kebo: ukapungua tena. Bado haukuisha.

Mwalimu mmoja wa chuo akapima ukinzani kati ya ganda la kigeuza volti na ukuta wa sanduku, kwa mita ya nyaya nne, maana mita ya kawaida haioni miliomu (sehemu ya elfu ya omu). Ulipaswa kuwa chini ya miliomu 2.5. Mita ikaonyesha kwamba hakuna njia ya umeme kabisa. Nati ikafunguliwa, lagi (kichwa cha chuma) ya waya wa ethi, unaounga ganda na ukuta wa sanduku, ikainuliwa, na chini yake kulikuwa na rangi. Rangi safi ya kijani, bila mkwaruzo hata mmoja, iliyookwa vizuri kwenye tanuri, unene wa maikroni 70. Sanduku lote lilikuwa halina ethi. Ganda la kigeuza volti lilikuwa linaelea, likitikisa mawimbi yake kwenye kila waya uliopita karibu.

Hakuna aliyefanya kazi mbaya. Maelezo ya kuacha duara nne za milimita 25 bila rangi yalikuwepo, lakini yalikuwa kwenye mchoro wa nyaya. Mchoro wa nyaya haufiki kwa fundi wa rangi. Yeye hupewa boksi tupu na mchoro wa bati, na ule ulikuwa umeandikwa "paka rangi pande zote". Akapaka pande zote.

Marekebisho: maelezo ya duara nne yamehamishiwa kwenye mchoro wa bati. Karakana ya rangi inafunika duara hizo kwa utepe wa kuvumilia joto la tanuri. Chuma kilicho wazi kinapakwa dawa ya kuzuia kutu inayopitisha umeme. Lagi inakazwa kwa washa yenye meno, ukinzani unapimwa na kuandikwa kwenye kadi ya sanduku, kisha kwa juu inazibwa kwa vanishi. Kichujio cha waya wa paneli kimesogezwa kutoka kwenye kigeuza volti hadi kwenye soketi penyewe, ukutani. Kilipokuwa ndani kabisa, sentimita 30 za waya kati yake na soketi zilikuwa zinaokota upya mawimbi yaliyokwisha kuchujwa.

Baada ya hapo redio ilinyamaza masafa yote isipokuwa sehemu moja karibu na megahezi 36. Kubadilisha kasi ya kigeuza volti kidogo kuliihamisha sehemu hiyo lakini hakukuiua. Imeandikwa kwenye kitabu cha mtumiaji: ukitumia masafa hayo, zima chaja kwanza.

Wiki ya 10: maji

Kwa kiwango cha kiraia, IP67, sanduku huzamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30, na joto lake halitofautiani na la maji kwa zaidi ya nyuzi 5. Chuo kilifanya hivyo na ndani kukabaki pakavu. Kipimo cha kijeshi, MIL-STD-810H, ni kina na muda uleule, lakini sanduku hupashwa kwanza hadi liwe nyuzi 27 juu ya joto la maji. Likaingia maji kikombe kizima.

Fizikia yake ni nyepesi. Kina cha mita 1 kinasukuma kwa takriban kilopaskali 10. Hewa iliyofungwa ikipoa kutoka nyuzi 47 hadi 20, inavuta kwa takriban kilopaskali 8.5 nyingine. Raba ya kuzibia iliyotosha kwa mzigo mmoja inakutana na mzigo karibu maradufu. Na huo si ukatili wa maabara: sanduku lililokaa juani kutwa juu ya gari, kisha gari likavuka mto, linapita hasa katika hali hiyo.

Maji yaliingia sehemu mbili. Kwanza kwenye kona, ambako ncha mbili za raba zilikutana. Sasa zinakutana kwenye upande ulionyooka, zikiwa zimekatwa mshazari na kugandishwa. Pili katikati ya skrubu na skrubu, kwa sababu kifuniko cha milimita 1.5 kilipinda kidogo. Kimefanywa milimita 2, na nafasi ya skrubu imepungua kutoka milimita 90 hadi 60.

Kulikuwa na pendekezo la kuweka kipumulio cha utando, unaopitisha hewa na kuzuia maji, na kuacha mengine yote. Kipumulio kimewekwa, kwa sababu kinalifanya sanduku lipumue kila siku lisivute unyevu na kulia machozi ndani, lakini kikiwa chini ya maji hakivuti hewa kutoka popote. Hakisaidii kipimo hiki. Tena nacho lazima kistahimili angalau kilopaskali 20 bila kupitisha maji.

Wiki ya 11 na ya 12: kuanguka, chumvi, umeme wa gari

Sanduku linaangushwa mara 26: nyuso 6, kingo 12, kona 8. Kiwango hichohicho cha kijeshi kinaruhusu kugawanya idadi hiyo kwa masanduku hadi matano, tulitumia mawili. Kwenye kona ya tatu, la pili lilizima. Seli zilikuwa zimesogea milimita 4 na kukata waya mmoja mwembamba wa bodi ya ulinzi. Bodi ikaona seli moja ina volti 0, ikafunga kila kitu, kama inavyopaswa. Sasa waya hizo zina kitanzi cha ulegevu, vipande vya shaba vigumu vinavyounga seli vimebadilishwa kuwa vya nyuzi za kusuka ili visivunje vichwa vya seli, na karakana ya kushona imetengeneza viatu vya kona vya raba ndani ya turubai nene. Wazo la viatu ni la mshonaji. Wahandisi walikuwa wanataka kuongeza unene wa bati.

Chumvi: ukungu wa asilimia 5, nyuzi 35, saa 24 mvua na 24 kavu, mara mbili. Skrubu za chuma kisichoshika kutu zilizama kwenye unga mweupe. Unga huo ni alumini iliyoliwa, si skrubu. Metali hizo mbili zikiwa na maji ya chumvi kati yake zinakuwa betri ndogo. Kila skrubu ina washa ya nailoni na mafuta ya kuziba, isipokuwa zile nne za ethi, ambazo kinga yake ni vanishi tu. Hizo zitakaguliwa kila miezi sita.

Kuchaji kutoka kwenye gari la jeshi kunataka uangalifu. Jenereta ikipoteza mzigo wake ghafla, mfumo wa volti 28 unaweza kupanda hadi volti 100 kwa milisekunde 50. Diodi ya kinga peke yake haiwezi kumeza nishati hiyo. Ilipasuka kwenye jaribio la kwanza. Swichi ya transista inayokata njia volti zikipita 36 ndiyo iliyofanya kazi, na diodi imebaki kwa miiba mifupi ya volti tu.

Wiki ya 14 hadi ya 20: uwanjani

Masanduku sita, wiki sita, bila fundi kuwepo. Askari walipewa daftari na kuombwa waandike kila walichofanya tofauti na kitabu.

Kati ya masanduku sita, matano yalirudi na kipande cha utepe mweusi juu ya taa ya chaji. Hakuna aliyeandika hilo kwenye daftari; kwao lilikuwa jambo la kawaida mno. Taa hiyo usiku inaonekana kutoka mbali, na kwa miwani ya kuonea gizani inaonekana mbali zaidi. Taa sasa iko ndani ya kikombe kirefu na inawaka kwa sekunde mbili tu kitufe kikibonyezwa.

Paneli ya jua ilitoa nusu ya matarajio kwa kikundi kimoja. Kulikuwa na mkanda wa turubai uliopita katikati yake. Kivuli chembamba kama kidole kikilalia safu moja ya seli kinakaba safu hiyo nzima. Mishikio ya mikanda imehamishiwa nyuma.

Kifuniko cha soketi kilikuwa kigumu kwa mkono wenye glavu. Kimekuzwa na kupewa kamba. Viwili vilikuwa vimeshapotea.

Wiki ya 22: pengo

Hapa ndipo tuliogopa. Majaribio yamekwisha vizuri, ripoti inapanda ngazi, bajeti ya ununuzi inasubiri mwaka mwingine wa fedha, na karakana ya nyaya ina mafundi saba wanaosubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Karakana haifi kwa kukosa ubunifu. Inakufa katika miezi hii, na ikifa inaondoka na mikono iliyojifunza kila kosa lililoandikwa hapo juu.

Zimamoto ilikuwa na tatizo lilelile la redio na pampu ndogo kwenye moto wa msituni, mbali na gari. Jiji likanunua kwa ajili yake masanduku 12 ya toleo E, yenye rangi nyekundu na bila turubai ya kijeshi. Malipo yalikuwa kwa hatua tatu: ununuzi wa seli, kukamilika kwa vipimo, kukabidhi. Hatua ya kwanza ndiyo ya maana. Seli ni zaidi ya nusu ya gharama na mwuzaji anataka fedha taslimu. Karakana ndogo ikilazimika kuzilipia yenyewe na kusubiri miezi mitatu, mkataba mzuri unaweza kuifilisi. Jiji lenye nia ya kukuza viwanda vya ulinzi liangalie kwanza idara zake lenyewe zinanunua nini.

Wiki ya 24 na ya 25: nani ana nini

Kila upande uliandika ulichokuja nacho: bodi ya kigeuza volti ni ya chuo, kifunga-kona cha bati ni cha karakana ya bati. Vitu hivyo vinabaki vyao. Vilivyozaliwa ndani ya mradi vinatumika na wote, na nakala ya michoro yote inakaa kwa jiji ili karakana moja ikifunga, nyingine ichukue. Karakana ya bati ilipinga sharti la mwisho, na hofu yake ilikuwa ya haki. Ikakubaliwa kwamba kazi ikipewa karakana nyingine, mwenye kifunga-kona analipwa kwa kila sanduku.

Vipuri pia vilikaguliwa kwa asili yake. Kipande kimoja kilichomo kwenye orodha ya silaha ya Marekani kinafanya kifaa kizima kihitaji ruhusa ya Marekani kabla ya kuuzwa nje. Ndani ya sanduku hakikuwepo hata kimoja. Soketi moja iliyopendekezwa ilikataliwa kwa sababu hiyo, ingawa ilikuwa bora.

Wiki ya 26: kusafirisha

Betri za lithiamu hazipandi ndege wala meli bila vipimo vya Umoja wa Mataifa, UN 38.3, vinane kwa idadi, vikiwemo mwinuko, joto, mtetemo, mshtuko na shoti ya nje. Mwuzaji wa seli alikuwa na cheti chake, lakini cheti cha seli si cheti cha betri iliyoungwa. Masanduku yalipelekwa maabara ya nje kwa kipimo hicho peke yake. Kwa ndege, yakisafiri bila kifaa chake, chaji isizidi asilimia 30. Karakana ya betri imeongeza hatua ya kuyashusha kabla ya kufunga.

Wiki ya 28: kundi la kwanza la 40

Oda ya kikosi imefika. Seli 340 zimepokelewa na 9 zimewekwa kando. Kundi hili limetoka kiwandani na tarehe mbili tofauti. Seli za tarehe mbili hazichanganywi ndani ya sanduku moja, kwa hiyo kadi ya sanduku imeongezewa safu ya tarehe.

Masanduku 14 yamekamilika. Ethi ya yote imepimwa, la juu kabisa likiwa miliomu 1.9. Sanduku namba 11 lilirudishwa kwanza kwa fundi wa rangi: utepe mmoja wa kufunika ulikuwa umeinuka ukingoni na rangi ikapenya nusu duara. Alilikamata fundi wa nyaya kabla ya kuweka lagi, kwa sababu safari hii mchoro wa bati na wa nyaya viko ukutani pamoja.

Yaliyobaki wazi: megahezi 36, vipumulio vya kundi jipya, ambavyo havijapimwa kwa kilopaskali 20, na kebo za redio, ambazo karakana ya kikosi imetengeneza 22 kati ya 40. Alhamisi ijayo sanduku namba 15 linakuja mezani likiwa wazi.